Mgongo wa Njia Panda: Utangulizi wa Elimu ya Maumivu Sugu

Nyakanazi, mkoani Kagera, ni njia panda. Barabara inayotoka Isaka na Kahama hukutana hapa na ile iendayo Kakonko, Kibondo na Kigoma. Ukisonga mbele hadi Lusahunga inagawanyika tena, tawi moja likienda Biharamulo na Bukoba, jingine likishika njia ya Ngara mpaka mipakani, Rusumo na Kabanga. Anayesimama hapa ama amebeba kitu, ama amebebwa na chombo kwa saa nyingi. Dereva wa lori aliyepakia Dar es Salaam ameshakaa kitini zaidi ya kilomita elfu moja. Kuli anasubiri gunia lishuke. Kijana wa bodaboda amepita na abiria wawili na mfuko wa saruji. Mama aliyetoka shambani tangu alfajiri ana mkungu wa ndizi kichwani na mtoto mgongoni. Kwa anayetaka kujifunza maumivu ya mifupa, misuli na viungo, sijui darasa lililo bora kuliko hili.

Nimewaandikia watu watatu, na nawakaribisha wote kwa moyo mmoja: mwanafunzi wa uganga au uuguzi anayejiandaa kwenda zahanati ya kijijini, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba, na mtu mwenyewe ambaye mgongo, goti au bega limemuuma miezi mingi hata amechoka kueleza. Huyu wa tatu asijione mgeni. Katika elimu hii yeye ndiye mwenye habari nyingi kuliko wote, na kwa muda mrefu wataalamu walimwacha nje ya mlango.

Jambo ninalotaka ulishike tangu mwanzo ni hili. Maumivu ya muda mrefu huanza kueleweka pale tunapoijua siku ya mgonjwa, tangu anapoamka hadi anapolala, na hata usiku wake. Picha ya eksirei huja baadaye sana, kama itahitajika kabisa. Wengi wetu tumefundishwa kinyume chake, na wagonjwa wengi wameuza mbuzi ili wapate nauli ya kwenda kutafuta picha ambayo haikuwaambia lolote.

Ukubwa wa tatizo hili unashangaza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.71 wanaishi na matatizo ya mifupa, misuli na viungo. Maumivu ya kiuno peke yake yaliwapata watu milioni 619 mwaka 2020, na inatazamiwa kwamba idadi hiyo itafika milioni 843 mwaka 2050. Hakuna hali nyingine ya kiafya inayowafanya watu wengi zaidi duniani washindwe kufanya shughuli zao. Hapa Tanzania watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow, waliingia vijijini katika wilaya ya Hai kuwatafuta wenye maumivu ya viungo na kupima yanavyowagharimu. Kazi kama hiyo inahitajika sana Ngara na Biharamulo. Malaria, UKIMWI na uzazi salama zimepewa nafasi ya kwanza katika mipango ya afya, tena kwa haki. Mgongo hauui, kwa hiyo huachwa usubiri. Lakini mkulima asiyeweza kuinama msimu wa palizi amekosa chakula cha mwaka mzima, na hasara hiyo haionekani katika daftari lolote la hospitali.

Sasa tuulize maumivu ni kitu gani. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya waliamini kuwa maumivu ni taarifa inayopanda kutoka kwenye jeraha hadi kichwani, jeraha kubwa likileta maumivu makubwa. Mfaransa René Descartes, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1664 baada ya kifo chake, alieleza habari hiyo kwa mchoro wa mtu aliyeweka mguu karibu na moto, na uzi unaopanda kutoka mguuni hadi kwenye ubongo. Mchoro huo bado unatutawala. Mgonjwa akisema anaumia, tunatafuta moto uko wapi. Tusipouona, tunamshuku yeye.

Vita ndivyo vilivyoanza kuitia mashaka imani hiyo. Daktari Henry Beecher wa Marekani, aliyewahudumia majeruhi katika Vita vya Pili vya Dunia, aliandika mwaka 1946 kuwa askari wengi wenye majeraha makubwa hawakuhisi haja ya dawa ya kutuliza. Alifikiri kwamba kwa askari yule jeraha lilikuwa na maana ya kutoka vitani akiwa hai. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa ndani ya uti wa mgongo kuna lango linaloweza kupunguza au kuongeza ujumbe wa maumivu kabla haujafika kwenye ubongo, na kwamba ubongo wenyewe hushiriki kulifunga na kulifungua. Ndiyo maana ukijigonga kiwiko mkono wako wa pili hukimbilia kukisugua, na kweli unapata nafuu. Kisha mwaka 1983 Clifford Woolf akaonyesha kuwa mishipa ya fahamu katika uti wa mgongo, ikichokozwa vya kutosha, huwa nyepesi kuitikia kuliko ilivyokuwa, hata mguso mdogo ukaleta maumivu.

Mbwa wa nyumbani aliyewahi kuvamiwa na fisi hubweka hata jani likidondoka. Hadanganyi. Anafanya kazi yake ya kulinda, ila sasa anaianza mapema mno. Mfumo wa fahamu wa mtu mwenye maumivu sugu uko katika hali hiyo: jeraha la mwanzo limeshapona, lakini ulinzi haujarudi chini. Wataalamu huhesabu maumivu kuwa sugu yanapozidi miezi 3, na orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, inakubali kwamba maumivu hayo yanaweza kuwa ugonjwa wenyewe, hata pasipo ugonjwa mwingine nyuma yake. Kwa hiyo mhudumu anayemtazama mgonjwa baada ya vipimo na kumwambia “huna kitu” amekosea. Anacho kitu, na kipimo alichofanyiwa hakikutengenezwa ili kukiona.

Mgongo ndio utakaouona kuliko vyote. Kati ya watu kumi wanaoumwa kiuno, takriban tisa hatuwezi kuonyesha pingili, msuli au kano moja tukasema chanzo ni hiki hapa. Hali hiyo haitokani na uhaba wa vifaa vya Kagera. Ndivyo ilivyo hata katika hospitali za London. Watafiti waliokusanya tafiti za picha za migongo ya watu wasioumwa kabisa walitoa matokeo yao mwaka 2015: miongoni mwa wenye miaka 20, asilimia 37 walionekana na uchakavu katika sahani laini zilizo kati ya pingili, na miongoni mwa wenye miaka 80 ni asilimia 96. Watu hawa wote walikuwa wazima. Mgongo huonyesha miaka kama nywele zinavyoota mvi, na mvi haziumi.

Hebu basi fikiria dereva anayeambiwa, akiwa na miaka 35, kwamba “pingili zimesagika”. Maneno hayo humwingia. Anaacha kuinama, anaacha kubeba hata mtoto wake, misuli ya mgongo inalegea, hofu inaongezeka, na maumivu yanaongezeka pamoja nayo. Nimeona kauli moja ya mtaalamu ikimlaza mtu kuliko mzigo wowote aliowahi kubeba. Wala kulala kitandani si dawa. Utafiti wa Richard Deyo na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1986, uliwalinganisha wagonjwa walioagizwa kupumzika siku 2 na wale walioagizwa siku 7: wa siku 7 hawakupona zaidi, walichoongeza ni siku za kukosa kazi tu.

Hapo ndipo siku ya mgonjwa inapokuwa na thamani. Dereva hukaa saa nyingi mfululizo, mtetemo wa gari ukimpanda mgongoni, na kipande cha Lusahunga hadi Rusumo, kilomita 92, kwa miaka mingi kilijulikana kwa mashimo yake. Analala kwenye kibini, anakula usiku, anawaza foleni ya mpakani. Mkulima kwa upande wake anainama na jembe la mkono tangu umande haujakauka, halafu anachota maji. Dumu la lita 20 lina kilo 20 kabla hujahesabu uzito wa dumu lenyewe. Maumivu yao yanaweza kuwa mahali pamoja, kiunoni, nayo tiba ikatofautiana kabisa. Mmoja anahitaji kusimama na kutembea kila baada ya saa kadhaa. Mwingine anahitaji kubadilisha kazi katikati ya siku: alime kidogo, aketi apukuchue maharage, arudi shambani, na apate mtu wa kumsaidia maji.

Nitasema neno kuhusu mizigo, kwa sababu hapa naona elimu yetu inapaswa kutoka zahanati na kuingia sokoni. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya, ukiongozwa na Geoffrey Maloiy, ulioonyesha kuwa wanawake wa Kiluo na Kikikuyu waliweza kubeba mzigo wa hadi moja ya tano ya uzito wao bila kutumia nguvu za ziada katika kutembea. Ni ustadi wa ajabu uliojengwa tangu utotoni. Lakini mzigo ukizidi hapo gharama hupanda, na mizigo yetu imezidi mno. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kuwa mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 kwa kawaida. Sheria ya vipimo ya Tanzania inakataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukipiga vita lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu ili liingie zaidi, kwa sababu linampunja mkulima. Hoja hiyo ni ya haki. Mimi naongeza nyingine: lumbesa linamwibia pia anayelibeba. Hata gunia halali la kilo 100 ni karibu mara mbili ya lile pendekezo, na kuli wa Nyakanazi analipwa kwa gunia, hivyo hana sababu ya kukataa. Gunia la kilo 50 lingeponya viuno vingi kuliko dawa ninazoweza kuandika.

Magoti na viungo vingine nitavipita haraka, kwani vina sura zao mbele. Goti la mtu mzima linalouma akipanda mlima na kukakamaa kidogo asubuhi mara nyingi ni gegedu kuchakaa pamoja na misuli ya paja kudhoofika, na kuimarisha paja husaidia kweli. Vidole vya mikono vikivimba pande zote mbili na kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, hasa kwa mwanamke, fikiria baridi yabisi ile inayotokana na kinga ya mwili kujishambulia. Huyo usimpe mazoezi na kumwacha; apewe rufaa mapema, maana ipo dawa inayozuia viungo kupinda. Na mwanamume anayeamshwa usiku na kidole gumba cha mguu kilichovimba na kuwa chekundu, hasa baada ya pombe na nyama nyingi, huenda ana jongo, ambalo wengi sasa wanaliita gauti.

Ila yapo maumivu ya mgongo na viungo ambayo nyuma yake kuna adui anayeonekana, na katika wilaya zetu za wafugaji huyo adui si nadra kama vitabu vya Ulaya vinavyodai. Brusela ni mmoja. Bakteria wake huwafanya ng’ombe na mbuzi kutupa mimba. Binadamu humpata kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa au kumzalisha mnyama kwa mikono mitupu. Dalili zake ni homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu, maumivu ya kiuno, nyonga na magoti. Mgonjwa hutibiwa malaria mara tatu, nne, na haponi. Tiba yake ni antibayotiki za aina mbili au zaidi, kwa muda usiopungua wiki 6, na anayeacha katikati hurudi akiwa vilevile. Ukikutana na mfugaji anayeumwa mgongo, muulize habari za ng’ombe wake kabla hujamwambia avue shati.

Wa pili ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mtu hahitaji kukohoa ili awe nacho. Maumivu hukaa mahali pamoja, hayatulii hata akilala, uzito unapungua, na kibyongo cha mgongo kinaweza kujitokeza taratibu. Kikiwahiwa hutibika, na dawa za kifua kikuu nchini hutolewa bure. Kikicheleweshwa miguu hupooza. Hapa, na hapa hasa, eksirei ina kazi.

Kwa mtoto anayelia mikono na miguu, usisahau selimundu (sikoseli). Inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo Tanzania kila mwaka, na Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi. Maumivu yake ni makali kuliko watu wazima wengi watakavyowahi kuhisi, na mtoto hapaswi kuambiwa anadeka. Programu ya selimundu ya Muhimbili, iliyoanza mwaka 2004 chini ya Julie Makani, imetufundisha mengi kuhusu wagonjwa hawa. Ongeza chikungunya, iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza katika mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, kusini mwa nchi hii, na ambayo inaweza kuacha maumivu ya viungo kwa miezi mingi baada ya homa kwisha. Ongeza pia nyayo zinazowaka moto usiku kwa mwenye kisukari au anayeishi na VVU: hapo mishipa ya fahamu yenyewe ndiyo imeumia, na dawa za kawaida za maumivu hazisaidii sana.

Kuna ishara ambazo ukizikuta huna ruhusa ya kusubiri hata kesho: miguu inayopoteza nguvu, kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, ganzi kwenye makalio na sehemu za siri. Homa, kukonda bila sababu, historia ya saratani, au kuanguka vibaya navyo vinataka uchunguzi wa haraka. Yajifunze haya hadi yakae kichwani, kwa sababu yakikaa ndipo utakapokuwa na ujasiri wa kumwambia yule mwingine, ambaye hana hata moja kati ya hayo, kwamba mgongo wake ni salama kutumika.

Kuhusu tiba, nina wasiwasi mkubwa na diklofenaki. Iko katika kila duka la dawa kando ya barabara, vidonge na sindano, na madereva humeza kabla ya safari kama wanavyokunywa chai. Kwa siku chache inasaidia. Kwa miezi, inaweza kutoboa tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo, tena haraka zaidi kwa mtu anayetokwa jasho kutwa bila kunywa maji. Unga usiojulikana unaouzwa stendi kwa ahadi ya kumaliza maumivu siku moja nao uogopwe. Kukanda kwa maji ya moto na kuchuliwa sina ugomvi navyo; vinatuliza, na kuguswa na mtu anayekujali kuna nguvu yake. Chuku na chale navikubali kwa sharti moja tu, kwamba wembe uwe mpya kwa kila mtu.

Uganda imetupa somo kubwa juu ya mofini. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya kunywa ikawafikia wagonjwa majumbani, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika. Wagonjwa wa saratani walipata kufa bila mateso. Lakini mofini si jibu la mgongo wa miaka kumi, na msomaji asichanganye elimu hizi mbili jirani.

Linalosaidia wengi ni mwendo unaorudishwa kidogo kidogo: leo dakika kumi za kutembea, wiki ijayo kumi na tano, hata kama maumivu hayajaisha, kwa sababu kuumia si lazima kuwe kuharibika. Linalofuata ni usingizi, na linalofuata usingizi ni moyo. Ngara inalijua hili kuliko wilaya nyingi. Mwishoni mwa Aprili 1994 takriban watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24, wakikimbia vita, na kambi ya wakimbizi ya Benaco ikazaliwa. Baadaye wakaja wengine kutoka Burundi. Mtu aliyepitia hofu ya namna ile, na mwenyeji aliyeishi jirani nayo, anaweza kubaki na mwili usioshusha ulinzi wake kwa miaka. Akilalamika mgongo, anasema kweli kuhusu mgongo. Muulize pia analalaje.

Wataalamu wapo, ingawa ni wachache na wako mbali. KCMC imefundisha fiziotherapia kwa miongo kadhaa. Taasisi ya Mifupa ya MOI, Dar es Salaam, ilianzishwa kwa sheria mwaka 1996. Hospitali ya Bugando iko Mwanza. Hakuna mkulima wa Nyakahura atakayesafiri hadi Moshi kila wiki kufanyiwa mazoezi, wala haifai tumpangie hivyo. Sehemu kubwa ya kazi hii inaweza kufanywa na tabibu wa zahanati na mhudumu wa jamii, wakiwa na subira ya kusikiliza.

Kabla hujafungua sura ya kwanza, tafadhali kaa na watu watatu wanaoumwa zaidi ya miezi mitatu, mmoja wao akiwa wa nyumbani kwako kama yupo. Waulize yalianza lini na maisha yalikuwaje wakati huo, ni kazi gani wameacha, ni kazi gani wanaendelea nayo kwa kuwa hawana budi, nani aliwaambia nini, na wanaogopa nini kitatokea. Waandike kwa maneno yao wenyewe, usiyatafsiri kuwa ya kitabibu. Uje na daftari hilo, maana sura ya kwanza inaanzia kwenye kiuno cha mkulima wakati wa palizi, nasi tutalitumia ukurasa kwa ukurasa.